Msaidizi wa Kudumu

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, mhudumu wa nyumbani alimaliza kumwogesha Mama Vifungo, akamvisha gauni, akamkalisha dirishani, kisha akamwambia hatarudi mpaka Jumatatu ijayo. Serikali imepunguza matumizi. Wagonjwa wa siku tano sasa ni wa siku moja.

Mama Vifungo alishona nguo za watu miaka arobaini, mpaka kiharusi kilipompoozesha upande wa kushoto. Binti yake alifanya kazi kiwandani kwa zamu na alifika Jumamosi na Jumapili tu. Kwa hiyo mama aliuliza, bila kupandisha sauti, siku zilizobaki ataogeshwa na nani. Mhudumu aliinama akafunga kamba za viatu, akachukua muda mrefu kuliko kamba zenyewe. Akasema hajui.

Jumanne asubuhi alikuja mumewe. Alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Hakubisha hodi, maana nyumba ilikuwa yake. Aliuliza beseni liko wapi.

"Umeishi humu miaka thelathini na mbili," alisema Mama Vifungo, "hujui beseni liko wapi?"

"Sikuwahi kulitafuta."

Siku hiyo alimwogesha ovyo. Maji yalikuwa ya baridi na sabuni ikamwingia machoni. Kufikia Ijumaa alishaizoea kazi, akajua kumgeuza bila kumuumiza bega. Mama Vifungo alikuwa na kinyongo chake. Enzi za uhai wake bwana huyu hakuosha hata kijiko, alikula akanawa akatoka. Sasa alikuwa anakunja mashuka pembe kwa pembe. Wiki ya tatu mama wa watu alijikuta anamsubiri, na jambo hilo lilimuudhi kidogo.

Binti alipofika Jumamosi alimwamkia baba yake, akaona kucha za mama zimekatwa vizuri, akajilaza kwenye kochi akalala mpaka adhuhuri.

Lakini marehemu hana mwili wa kazi ngumu. Mwezi wa pili viganja vyake vilianza kuwa vyepesi, mpaka ukaweza kuona rangi ya sabuni kupitia vidole. Alhamisi moja mkewe alimponyoka, akakaa sakafuni tangu asubuhi hadi jirani alipopita. Mume alikaa naye pale chini, kumwinua hawezi. Binti alipopata habari alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba mama arudishiwe siku zake.

Afisa alikuja na faili kwapani, akamkuta mume anachemsha maji, binti kando yake. Alimsalimia, akaomba cheti cha kifo, akakisoma mpaka mwisho. Akamuuliza kama ana ajira nyingine. Hana. Anafika siku ngapi kwa wiki? Tano, Jumanne hadi Jumamosi.

"Basi mama ana msaidizi wa kudumu," alisema afisa, akaandika.

"Baba amekufa," alisema binti. "Alishafanya kazi yake, akamaliza. Hebu mtazame mikono."

Afisa aliitazama mikono, ndani na nje, bila haraka.

"Naiona, dada. Ila fomu inauliza kama kuna mtu. Haiulizi kama yu hai."

Barua ilifika baada ya wiki mbili, na Jumatatu nayo ikaondolewa. Mhudumu alipita kuaga, kwa kuwa naye alikuwa amepunguzwa kazini. Alimwonyesha mume namna ya kupitisha shuka mgongoni mwa mgonjwa, ili amvute kwa uzito wa mwili badala ya vidole. Akiwa anavaa koti alisema mtaa wa nyuma kuna bibi amerudi kumtunza mjukuu asiyeona, na kwamba fomu mpya zina mstari wake kabisa: wafu wanaofika nyumbani, taja idadi.

Asubuhi iliyofuata Mama Vifungo alimtazama mumewe akihangaika na kifuniko cha sabuni. Mara tatu kilipita katikati ya kiganja chake.

"Nenda kapumzike," alimwambia. "Yale ya zamani nimeshakusamehe. Hunidai wala sikudai."

Mume alikibana kifuniko kwa viwiko mpaka kikafunguka. Akapima maji kwa shavu, maana vidole havikusikia tena moto.

"Inua mkono," alisema.

Akauinua ule ulioweza.