Ukuta Usiolowa

Bi Sindano, fundi cherehani, alikuwa mpole kwa kila mtu isipokuwa wanaume waliokojolea ukuta wa duka lake, upande wa uchochoroni. Alishaandika "Usikojoe hapa" kwa herufi kubwa, nao walilisoma tangazo huku wakiendelea na shughuli zao. Na Jumamosi wazazi wa kijana mmoja walikuwa wanakuja kuposa binti yake! Sebule iko nyuma ya duka, dirisha linatazama uchochoro uleule. Harufu ile ingevunja posa kabla haijatajwa.

Kaka yake, fundi rangi, akausugua ukuta kwa sabuni, akaupaka rangi aliyoichanganya mwenyewe.

"Dada, hebu gusa," alisema ilipokauka. Ilikwaruza kama ulimi wa paka. "Maji hayapati pa kushika. Yanakalia vincha hivi vidogo, chini yake hewa tupu. Tazama."

Akaurushia ukuta kikombe cha maji. Yakagonga, yakawa matone ya mviringo, yakamrudia yote miguuni. Ukuta mkavu! Bi Sindano alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa waje," alisema. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Jumamosi jua liliwaka kweli kweli. Akaingia mama wa kijana, kisha kijana mwenyewe.

"Baba yake yuko nje kidogo," mama alisema, "anaongea na simu."

Mzee alipoingia, suruali yake ya kijivu ilikuwa imelowa kuanzia magotini hadi viatuni. Kijana aliinamisha kichwa. Mzee alisimama mlangoni, hajui akae wapi, na Bi Sindano akaingiwa na hofu. Mtu aliyefedheheka hivi hakai kujadili ndoa. Atatafuta kisingizio aondoke, na binti atabaki analia kwa sababu ya ukuta.

"Yaani imefanya..." kaka akaanza, uso umekunjuka kwa furaha. Dada yake akamkanyaga.

Kisha akabeba jagi la maji ya kunywa, akamwendea mgeni, akajikwaa kwenye zulia ambalo halikuwepo. Jagi zima likammwagikia mzee kuanzia kiunoni.

"Jamani, mkwe! Nisamehe, macho yangu haya! Nimekulowesha chapachapa!"

Mzee akamtazama. Akalitazama jagi. Akaelewa.

"Ni maji tu, mkwe," alisema polepole. "Yatakauka."

Bi Sindano akampeleka dukani, akampa suruali ya mteja asiyejulikana atakuja lini. Ilimkaa vizuri kuliko yake. Waliporudi sebuleni, mama wa kijana alikuwa ameshaanza kuhoji: binti amesoma wapi, anajua kupika nini.

"Mama watoto, inatosha," mzee alimkatiza. "Nyumba inayojua kusitiri mgeni, mwanetu atasitirika humo. Mimi nimeridhika."

Nyuma ya pazia binti aliruka, pazia nusura lianguke. Mama yake alifuta machozi kwa utepe wake wa kupimia, hakujali nani anamwona.

Wakati wa kuagana, mzee alimvuta Bi Sindano pembeni kwa heshima zote.

"Mkwe," akanong'ona, "kabla hatujatoka, choo kiko wapi?"