Vijiti Vibichi vya Prezida Hilaire

Hilaire alipochaguliwa kuwa prezida wa klabu ya kutembea kwa miguu, mji mzima wa Goma ulikuwa tayari unatembea kwa miguu, ila hakuna aliyekuwa amepewa cheo kwa ajili hiyo. Wamama walioshuka kutoka Kibati na makaa mgongoni walitembea. Wachuuzi wa samaki waliopanda kutoka Kituku na beseni kichwani walitembea, tena mbio. Kosa lao wote lilikuwa moja: walikuwa wanaenda mahali. Hilaire ndiye aliyewafundisha watu wa parokia yake kwamba mtu anaweza kutembea bila kwenda popote, akavaa kofia maalum kwa safari hiyo, akarudi nyumbani na njaa, na akaita jambo hilo afya.

Kahambu, mchumba wake, hakulalamika. Wasichana wengine walipata wachumba wanaokunywa. Yeye alipata anayetembea, na angalau huyu alikuwa anaonekana kutoka mbali, kwa sababu ya kofia.

Shida ya klabu ilikuwa nchi yenyewe. Ukitoka Goma, upande wowote ule, ama unapanda ama unaogelea. Wanachama wengi walikuwa wamama wa kwaya, na Mama Henriette, aliyekuwa sauti ya kwanza na mtunza hazina, alikwisha kusema wazi kwamba magoti yake hayakubatizwa kwa ajili ya volkano. Basi Hilaire akafikiri usiku na mchana, akapata bonde la Sake, kule ambako ziwa linaingia ndani ya nchi kavu, na mtu hawezi kusema udongo unaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Tambarare kama meza. Tena bisi inakufikisha.

"Bisi inaondoka kila saa," aliwatangazia baada ya misa.

Ilikuwa kweli. Inaondoka kila saa ile inapojaa.

Kule bondeni aliishi Philomène, mama mdogo wa Kahambu, mwanamke wa Butembo aliyeolewa huko na kufiwa na mumewe huko. Kwa hiyo Hilaire alipokwenda kuichunguza njia, alimchukua Kahambu. Kahambu alibaki jikoni kumenya viazi na mama yake mdogo. Hilaire aliazima panga, akapotelea kwenye miwa. Alirudi na matope mpaka magotini, akicheka peke yake.

"Nimemaliza kuweka alama," alisema. "Hata kipofu hawezi kupotea."

Kahambu hakuuliza ni alama gani. Mjini Hilaire alikuwa anapaka rangi kwenye mawe, na Goma mawe hayaishi. Nyumba imekaa juu ya jiwe, ukuta ni jiwe, ukitaka kupanda ua inabidi kwanza ununue udongo. Mtoto wa mji ule anaweza kuzeeka bila kuona kijiti kikiingia ardhini. Haikumjia Kahambu kwamba bondeni hakuna hata jiwe moja la kupaka rangi.

Mvua zikanyesha. Siku moja simu ikalia, na sauti ya Philomène haikuanza na salamu.

"Kahambu, kuna mutu alipanda miti ya mpaka huku. Kutoka barabara mpaka ku maji. Imepita mu shamba yangu, imepita mu mashamba ya batu. Yote imeota majani! Shemeji Zihindula anasema njo miye nilipanda, eti minataka kukula bonde muzima."

Kahambu aliweka kijiko chini.

Kule bondeni maji hufuta kila alama, kwa hiyo mpaka wa shamba ni kijiti kibichi. Unakata tawi, unalichomeka, linashika mizizi, na hapo umewaambia majirani wote: kuanzia hapa ni pangu. Hakuna hati inayozidi hiyo. Kuking'oa ni kazi ya mkono uliokipanda, mbele ya watu. Mwingine akigusa, ni mwizi. Na mjane anayelima shamba la marehemu mumewe akishikwa anasogeza mipaka, shamba linarudi kwa ndugu za mume. Ndugu za mume walikuwa Zihindula. Kwa wingi wa tamaa aliweza kuhesabiwa kama watu kadhaa, lakini alikuwa mmoja.

"Dimanche kisha misa tunaitwa kwa Muzee Munguakonkwa," alisema Philomène. "Kama sijaonyesha aliyepanda, basi, nimekosa shamba."

Kahambu alikwenda moja kwa moja hadi Birere, kwenye kibanda ambako Hilaire aliuza maganda ya simu.

"Vile vijiti ulikata wapi?"

"Ku lupango ya nyumba ya muzee moja kule. Uzio wake ni muzuri, inakubali panga. Juu ya nini?"

"Vimeota."

Uso wa Hilaire ukang'aa kama wa mzazi. "Vyote?"

"Hilaire, umegawanya bonde la watu! Mama mudogo ananyang'anywa shamba juu yako."

Alimweleza yote. Hilaire alisikiliza, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akasema kwamba bahati ilikuwa kubwa, kwa kuwa Jumapili hiyohiyo klabu nzima ilikuwa inakwenda kufungua njia. Angepita kwa wazee dakika mbili, aeleze, kisha waendelee na programu.

"Dakika mbili," Kahambu alisema.

"Ni watu wenye akili, watanielewa."

Dimanche bisi iliondoka ilipojaa, yaani walipofika, mkutano ulikuwa umekwisha kuwaka. Watu walikaa chini ya paa la mabati la Muzee Munguakonkwa, mwamuzi wa kijiji, na Philomène alikuwa amesimama peke yake katikati, mikono ndani ya kitenge. Hilaire aliingia na kofia yake, nyuma yake wamama wa kwaya na viatu vyeupe.

"Wazee wangu," alisema, "njo miye nilipanda."

Zihindula alimtazama kuanzia kofia hadi soksi.

"Ulipanda juu ya nani?"

"Juu ya kutembea, papa. Ni alama ya njia."

Muzee Munguakonkwa, ambaye alikuwa mtu wa haki na kwa hiyo mpole wa kuuliza, aliinamia fimbo yake. "Munatembea munaenda wapi?"

"Mpaka ku maji, muzee."

"Kufanya nini ku maji?"

"Kuangalia."

"Kisha?"

"Tunarudia."

"Na mulikuja na bisi."

"Ndiyo, muzee."

"Mulilipa bisi, mutoke mahali kunakauka, mukuje kukanyaga matope, muangalie maji, murudie?"

Hilaire alifikiri. Halikuwa jambo alilowahi kuelezwa hivyo. "Ndiyo, muzee," alisema.

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Hata Philomène, ambaye shamba lake lilikuwa linaondoka, aliuma kitenge.

"Muzee, hata mutoto hawezi kuamini ile!" Zihindula alisimama. "Hawa njo banunuzi. Banapima udongo na miguu. Huyu mwanamuke amebaita, anataka kuuzisha bonde, na bo banakuja na kofia!"

Watu waliacha kucheka. Kahambu aliona jinsi maneno yale yalivyokaa vizuri vichwani mwao. Mnunuzi wa udongo walikwisha kumwona. Mtu wa kutembea bure hawakuwahi.

"Muzee," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe, "baacheni batembee. Mutaona na macho. Kama kuna mutu ana akili ya kununua udongo, hawezi kufanya ile banafanya."

Muzee Munguakonkwa alitazama nje. Wingu lilikuwa limeshuka juu ya ziwa.

"Njo vile," alisema. "Aliyepanda ang'oe, kimoja kimoja, mpaka ku maji. Bengine bafuate, barudie, vile amesema. Mununuzi akiona mvua atapanda moto. Nikiona hata moja amepanda moto, Philomène, utatoka mu ile shamba."

Waendesha moto, wale wa pikipiki za abiria, ambao walikuwa wamekaa barabarani bila kazi tangu asubuhi, waliwasha injini kwa pamoja.

Hivyo ndivyo njia ya klabu ilivyofunguliwa. Mbele Hilaire, ameinama, aking'oa. Nyuma wamama wa kwaya, mstari mmoja kati ya matuta ya viazi. Nyuma yao kijiji kizima, chini ya mabati, wakitazama kama mpira wa fainali. Mvua haikukawia. Matope yalichukua kwanza viatu vyeupe, kisha soksi, kisha mazungumzo. Kisiwa kidogo cha manyasi kilimpokea Mama Henriette, naye akakataa kukiacha.

"Kahambu mwanangu, miye nimetembea. Nimeona. Inatosha." Alikuwa anatazama moto moja iliyokuja taratibu pembeni ya mfereji, dereva akitabasamu kama malaika.

"Mama, ukipanda ile moto, mama yangu mudogo anakosa shamba."

"Sasa ile shamba yake inaniomba magoti?"

"Inaomba magoti tu. Viatu umekwisha kutoa."

Mama Henriette aliinua mguu mmoja kuelekea moto. Kahambu alimshika mkono, na kwa kuwa ukweli ulikuwa umeshindwa, akajaribu kitu kingine.

"Yule Zihindula alisema bale ba kwaya ni midomo tu, habawezi kufika hata katikati."

"Alisema nini?"

"Midomo tu, mama."

Zihindula hakusema hivyo, ingawa ni mtu ambaye angeweza. Mama Henriette alirudisha mguu, akamfukuza dereva kwa neno ambalo halimo katika kitabu cha nyimbo, akashika mstari tena. Hakusimama mpaka majini.

Pale majini palibaki kijiti cha mwisho, kirefu, chenye majani mengi kuliko vyote. Hilaire alikipapasa.

"Kahambu, hiki kimoja tukiache. Batu batapigia picha wapi?"

Kahambu aligeuka. Kule nyuma paa la mabati lilikuwa dogo kama kiberiti, na chini yake hakuna kichwa kilichokuwa kinatazama pengine. Mbele ya vichwa hivyo mtu mmoja mwenye kitenge alikuwa bado amesimama.

"Ng'oa, Hilaire. Ao nitakupanda weye mahali pake."

Aling'oa. Mizizi ilikuwa imekwisha kushika, kwa hiyo kilipotoka kilitoka ghafla, na prezida akakaa ndani ya ziwa pamoja na kofia. Shangwe ilitoka kule kwenye mabati hadi majini. Kwa mara ya kwanza wanakijiji walianza kuona uzuri wa mchezo huu.

Waliporudi, hakuna aliyeweza kutofautisha mtunza hazina na prezida ila kwa sauti. Muzee Munguakonkwa aliwatazama kwa muda, kwa huruma kubwa.

"Hawa habana kitu banatafuta," alisema. "Ni batu ba bure kabisa. Philomène, shamba ni yako."

Zihindula alisema kwamba hata hivyo uzio uliokatwa ulikuwa wake. Muzee akamwambia Hilaire amrudishie vijiti vyake vyote, na Zihindula akabaki na mzigo wa matawi yenye matope mikononi, bila mahali pa kuyapanda.

Philomène alitoka chini ya mabati, akashuka hadi ukingo wa shamba lake lililookoka, na akasimama. Klabu nzima ilikuwa imepita pale, kwenda na kurudi. Matuta ya viazi yalikuwa yamelala kama unga uliomwagwa.

Akaingia nyumbani, akarudi na majembe, mengine akaazima kwa majirani, ambao waliyatoa haraka kuliko kawaida. La kwanza alimpa Hilaire.

"Lakini mama, bisi ya mwisho..."

"Bisi inaondoka ikijaa," Kahambu alisema, akimkunja mama yake mdogo mkono wa blauzi. "Haiwezi kujaa bila nyinyi."

Mama Henriette alichukua jembe bila kuombwa, akitazama kila mara kama Zihindula anamwona. Kijiji hakikuondoka, sasa walielewa wanachokiona, wakaanza kutoa mashauri kwa sauti. Na Philomène alisimama mwanzo wa shamba, mikono kiunoni, kitenge kimekauka upande mmoja.

"Prezida," aliita, "ile tuta yako imepinda. Anza tena."