Kikombe cha Kulia

Kitu cha kwanza kilikuwa moshi. Mwembamba, wa kitunguu kilichotupwa kwenye makaa pamoja na maganda yake. Nilikishusha kikombe, nikakiinua tena, na mguu wangu ukaanza kutikisika chini ya meza kama wa fundi cherehani.

Chumba cha kuonjea kilikuwa na taa nyekundu, ili macho yasiudanganye ulimi. Kila mwonjaji alikaa kwenye kibanda chake, mbele ya kidirisha. Vikombe viwili vinaingia. Unaonja, unasukutua kwa maji, unakisogeza mbele kile ulichokipenda. Maneno hayatakiwi. Mimi niliyeacha shule ya msingi katikati, niliyekuwa nikiitwa jina darasani nikajibu kwa kuinama, nilikuwa nimepata mahali ambapo kunyamaza ndiyo kazi.

Siku ile kikombe cha kushoto kilikuwa na supu ya maharage ya kiwanda, nzito, ya chumvi. Cha kulia kilikuwa cha mama yangu.

Sikubahatisha. Mama alikuwa na meza nje ya geti la kiwanda, na sufuria lake ndilo lililowashibisha wapakiaji na madereva. Zamani, siku moja alipoishiwa mafuta, alivichoma vitunguu makaani, akaona watu wanalamba mabakuli. Tangu hapo hakukaanga tena. Walaji wakamwita Mama Moshi.

Nikakisogeza cha kulia. Ningefanyaje? Ulimi wangu ulilelewa na sufuria lile.

Nilipotoka, mlinzi wa getini alinisubiri na kicheko chake. "Supu ya mama yako imepanda cheo, dada. Bwana Kijiko kanituma nikamletee kwa chupa ya chai. Imeingia bila kitambulisho, na mimi mwenye geti husimamishwa."

Bwana Kijiko tulimwita mkuu wa waonjaji, kwa kile kijiko alichokivaa shingoni kama filimbi ya refa.

Jioni nilitaka kumweleza mama. Nikamkuta anaosha sufuria huku anaimba. Alikwisha kusikia kwamba kuna mkubwa anaagiza supu yake. "Usiione hii ni meza ya mbao tu, mwanangu," alisema. "Ipo siku wataniita ndani nikawapikie." Nikayameza maneno yangu.

Vikombe viliendelea kuingia. Moshi ulikuwemo, lakini sasa ulitoka kwenye kichupa cha ladha ya kutengenezwa. Haukuwa na majivu. Halafu ikaja sukari, kidogo kidogo, kama mgeni anayesogeza kiti kila ukigeuka. Mimi nilisogeza kikombe kisicho na sukari. Kesho yake tena. Sikuweza kutulia kitini. Wakati wa mapumziko nilitoka nikazunguka jengo, nikarudi, nikazunguka tena.

Bwana Kijiko akainama kidirishani. "Binti, mbona unatembea peke yako? Wenzako wote wamesogeza cha kushoto."

"Kitamu mno," nilisema.

"Umewahi kumwona mtu karudisha bakuli kwa sababu ni tamu mno?" Hakuwa mkali. "Siku hizi hapiki mtu, binti. Zinapika ndimi nyingi."

Nilifungua kinywa nimwambie kwamba supu ile ina mwenyewe, yuko hapo nje ya geti, anangoja kuitwa. Kikombe kingine kikaingia.

Pakiti za supu hiyo ya unga zilipotoka kiwandani, waliweka pipa la maji ya moto kwenye ukumbi wa chakula, na pakiti za bure kwa wafanyakazi. Mapumziko yakafika, geti halikufunguka. Mama alikoroga, akatazama geti, akakoroga tena supu ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Leo hawana njaa?"

Mlinzi alibaki kuja peke yake. Hata yeye, siku moja, aliliweka bakuli mezani likiwa na supu nusu, akajikuna kichwa. "Usinielewe vibaya, Mama Moshi. Sijui ni mimi. Yako naiona kama imepungukiwa kitu."

Mama alionja pale pale. Haikupungukiwa na kitu.

Akanituma pakiti. Aliikoroga kwenye kikombe cha bati, akanusa, akanywa, akafumba macho. Mguu wangu ulikuwa unatikisika. Nilijua ataujua moshi wake, kama mtu anavyoijua sauti ya mwanawe.

"Aliyepika hii ana mkono," alisema hatimaye. "Ana mkono kweli. Sukari tu ndiyo imemharibia." Akakirudisha kikombe mezani, taratibu. "Ukimwona huko ndani, mwambie apunguze."

"Nitamwambia, Mama."

Meza ile sasa iko nyumbani, tunawekea ndoo za maji. Makaa ameyaacha. Wadogo zangu wakililia supu, humwaga pakiti kwenye maji ya moto na kunywa nao, na kila mara humsifu mpishi asiyemjua. Mimi huinuka, nikasimama mlangoni, nikarudi.

Mama, aliyeipika ni wewe. Sukari tu ndiyo yao.