Unyuzi wa Kijani

"Mtu asisogeze mguu!"

Mke wa fundi saa aliganda katikati ya chumba, sufuria mkononi. Shemeji yake, kaka wa mke na fundi magari wa familia nzima, aliganda kando ya meza na viganja vyake vyeusi kwa oili. Fundi saa mwenyewe alibaki ameinama, kibano mkononi na lenzi imepachikwa jichoni, akisikiliza.

Gololi ilikuwa imeanguka. Kigololi cha chuma, si kikubwa kuliko punje ya dengu. Sita zilikuwa salama kwenye kisahani cha kikombe. Ya saba ilimchoropoka.

"Imedunda mara moja," alinong'ona. "Kisha kimya. Ingekuwa sakafuni tungeisikia ikibingirika. Imeangukia kitu laini."

"Basi imepotea hiyo," shemeji akasema. "Nilikwambia tuache."

"Shemeji, tazama pindo la suruali yako."

Shemeji aliinama. Ndani ya pindo alilokunja ili suruali isiburute, gololi ilikuwa imetulia tuli.

"Haki ya nani! Wewe binadamu wa namna gani?"

"Miaka thelathini na nne natafuta skrubu usizoweza kuziona," fundi saa alijibu, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi mkewe akamwona anatabasamu meno yote nje.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Gari lao, ambalo liliwapeleka watoto wote shule na kuwarudisha hadi wakahama, lilikuwa na giaboksi ya otomatiki, na giaboksi ilikuwa imekataa kazi. Ukiweka gia ya kwenda mbele, injini inanguruma na gari linakutazama tu. Fundi saa, kwa mazoea ya kazi yake, alikuwa akihesabu sekunde tangu anaposogeza mkono wa gia hadi gari linaposhtuka na kuondoka. Mwanzoni zilikuwa mbili. Wiki iliyofuata, tano. Zikafika kumi na moja. Siku moja akahesabu mpaka tisini, akazima injini, akarudi ndani.

Shemeji alipima, akatikisa kichwa. Giaboksi imekufa, na bei ya nyingine inazidi thamani ya gari lenyewe. Ndiyo maana mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa aje na lori lake leo, saa kumi alasiri. Asubuhi hiyo fundi saa aliomba jambo moja tu: "Kabla sijalizika, nataka nijue limeuawa na nini." Shemeji akaingia chini ya gari pale uani, akashusha kipande kimoja cha giaboksi, akakiweka mezani juu ya magazeti. Kilikuwa chuma chepesi cha upana wa trei, kimechimbwa vijia vya kupitishia oili, na ndani yake mna springi, gololi, na vali nyembamba zinazoteleza huku na huku.

"Huu ndio ubongo wake," shemeji alisema. "Mimi hapa sitii mkono. Ukiufungua haufungiki."

Fundi saa alichungulia, moyo ukamruka. Alikuwa mtu ambaye siku hizi kazi yake ni kubadilisha betri na mikanda, maana watu wanatazama saa kwenye simu. Kioo cha kibanda chake kilikuwa kimejaa saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Na sasa, juu ya meza yake ya chakula, amewekewa mashine ya vipande vidogo vidogo, kila kimoja na mahali pake!

"Shemeji," alisema, sauti ikitetemeka kwa furaha, "hii ni saa! Ni saa inayokwenda kwa oili!"

Basi hapo ndipo walipokuwa, saa nane na nusu, gololi ya saba imepatikana, na lori linakuja.

Alizijaribu vali moja moja. Vali safi, ukiinamisha chuma, huteleza yenyewe kwa uzito wake, wala haihitaji kusukumwa. Ya kwanza ikateleza. Ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ikagoma. Akainamisha zaidi. Ikagoma. Akaitoa polepole kwa kijiti cha meno, akapuliza, akasogeza taa, akachungulia ndani ya tundu.

"Kuna kitu," alisema. "Kuna kitu humu!"

Kibano kikaingia, kikatoka na kitu. Akakilaza kwenye karatasi nyeupe, akakiosha kwa tone la petroli. Kilikuwa unyuzi mwembamba, uliojiviringa. Wa kijani.

Fundi saa akakitupa kibano mezani. Alikitupa kwa ghafla hata shemeji akadhani amejikata.

"Huo si unyuzi wa taulo letu la kijani?" mkewe akauliza, akiwa ameinama begani kwake. "Lile lililopotea?"

Halikuwa limepotea. Lilikuwa kwenye buti la gari. Kila Jumamosi fundi saa alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta vizuri kwa taulo, akakirudisha. Hakuna mwenye gari mtaani aliyelitunza kama yeye. Yeye ambaye amewafukuza vijana wangapi kibandani kwa kufuta saa na kitambaa chenye manyoya, ndiye aliyekuwa akiilisha giaboksi nyuzi, Jumamosi baada ya Jumamosi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," shemeji akasema, akaangua kicheko. Mke naye akacheka mpaka akaketi. Fundi saa hakucheka, kwa sababu alikuwa amemkumbuka mkwe wake, mume wa binti yao.

Miezi miwili nyuma mkwe aliazima gari siku moja, akalirudisha limeoshwa. Kesho yake likaanza kusita. Na fundi saa akasema, mbele ya watu, "Nimelitunza miaka kumi na tisa, wewe umeliua kwa siku moja." Kijana aliinuka akaondoka. Tangu hapo hajakanyaga kwao. Binti yao alikuja peke yake, akakaa ukingoni mwa kiti, akaondoka kabla chai haijapoa.

Mkewe aliacha kucheka. Alikuwa ameuona uso wake.

"Kifunge kwanza hicho chuma," alimwambia taratibu. "Gari litakupeleka kwake."

Walifanya kazi kama wenye wazimu. Mke alishika taa na kuhesabu gololi kwa sauti, fundi saa alizipanga, shemeji alirudi chini ya gari akakaza bolti na kumimina oili mpya. Lori la vyuma chakavu lilipopiga honi getini, gari lilikuwa ndiyo kwanza linashushwa kwenye jeki.

"Mzee, nimefika!" mnunuzi aliita. "Tulivute?"

"Ngoja dakika moja!"

"Moja ya saa au moja ya binadamu?"

Fundi saa aliwasha injini. Akashika mkono wa gia. Akasogeza, akafungua mdomo aanze kuhesabu, na kabla hajatamka "moja" gari likaondoka! Likaondoka laini, bila kushtuka, na mkewe akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Mnunuzi aliruka pembeni. "Sasa mimi nibebe nini?" alilalamika, lakini alikuwa anacheka naye.

Fundi saa hakusimama kushangiliwa. Alitoka getini moja kwa moja, akasikia gia ya pili ikiingia, kisha ya tatu, akapiga kelele za furaha peke yake ndani ya gari kama mtoto. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na kibahasha anachotunzia vipuri vya saa, pamoja na lenzi.

Mkwe alikuwa nje ya nyumba yake, akimwagilia miche kwenye makopo. Alilitambua gari, akasimama wima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Fundi saa alishuka bila kuzima injini. Akakifungua kibahasha, akamimina unyuzi kwenye kiganja cha kijana, akampa lenzi. "Huyu ndiye aliyeua gari. Nilimtia mimi kwa mkono wangu. Nilikukosea, tena hadharani. Nisamehe."

Mkwe alipachika lenzi jichoni, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu. Fundi saa alizunguka, akaketi kiti cha abiria, akauacha mlango wa dereva wazi ili kijana aendeshe. Hakuhesabu sekunde.

Upepo ukapita juu ya miche. Mkwe, lenzi bado jichoni, akakunja kiganja haraka, unyuzi usipeperuke, akaelekea mlango wa dereva.