Pembetatu Zilizosimama kwa Ncha

Mtaani walimwita Pembe kwa sababu hakuwahi kuchora kitu kisichopimika kwa rula. Alikuwa na siku mbili za kumaliza picha thelathini alizoagizwa na daktari wa meno: pembetatu nyekundu, duara la bluu na mistari myeusi juu ya njano. Kila karatasi ilipaswa kupita mara nne chini ya fremu ya kuchapia, yenye kitambaa cha wavu kinachopitisha wino, rangi moja moja, na kuanikwa kila mara. Kwa kuwa hakuwa na wa kumsaidia, alimwomba shangazi yake, fundi cherehani mstaafu, awe anamwekea karatasi mezani. Yeye angevuta wino juu ya wavu kwa kipande cha mpira.

Shangazi alisema kazi hiyo angeifanya hata amefumba macho. Njano ikaenda vizuri, nyekundu pia. Bluu ilipokwisha, Pembe akatazama karatasi zilizoanikwa kwenye kamba. Kwenye karatasi kumi na moja, duara lilikuwa limekaa juu ya pembetatu kama kofia ya kuazima.

Shangazi hakuficha. Alieleza kwamba pembetatu zilikuwa zimesimama kwa ncha, zinamtia kizunguzungu, basi akawa anageuza karatasi ili zikae kitako. Alipochoka, akaacha.

"Sasa shangazi, hukuiona alama ya penseli kwenye kona, ya kuonyesha juu ni wapi?"

"Niliiona. Nikadhani ni uchafu, nikaifuta."

Pembe alikaa juu ya kopo la wino. Bahati nzuri karatasi za akiba zilikuwepo, wakaanza upya zile kumi na moja. Walipofika ya nne, bega la Pembe likagoma. Shangazi akakunja mikono ya gauni, akamsukuma kando kwa nyonga na kushika mpira. Alivuta mara moja, kwa uzito uleule toka juu hadi chini, wino ukatulia kama umepigwa pasi. Pembe aliinama akitafuta kasoro, akaikosa, na ikamuuma kidogo.

Daktari alipokuja kuchukua mzigo wake, alizitazama picha kwa muda mrefu, kisha akauliza zina maana gani. Pembe akavuta pumzi ili aeleze.

"Maana yake ni mgongo wangu huu unaouma," shangazi akamwahi.

Daktari akaitikia kwa heshima, akaondoka nazo. Shangazi akarudi kusugua fremu, akitaka kujua kesho wanaanza saa ngapi.