Mishumaa Minne ya Krismasi ya Wanawake

Januari sita kwetu mjini Cork ni Krismasi ya wanawake. Siku hiyo mwanamke hagusi sufuria. Mume ndiye anayepika, anayeosha vyombo na kuulizauliza chumvi iko wapi, na sisi tunakwenda kunywa chai na kula keki mpaka tuchoke wenyewe. Mimi na wenzangu watatu tumeisherehekea pamoja tangu tulipokuwa tukimenya viazi katika jiko la shule ya watawa, na hatujakosa hata mwaka mmoja.

Mwaka huu mmoja wetu, Assumpta, hakuweza kuja. Alikuwa Bristol, Uingereza, kwa binti yake, na tarehe saba asubuhi alikuwa apasuliwe moyo. Basi tukamfuata. Dympna, Fionnuala na mimi tulipanda meli bandarini Rosslare alfajiri, keki ikiwa ndani ya kopo. Dympna alitapika njia nzima. Saa kumi jioni tulikuwa mlangoni kwa Assumpta, na binti yake akatuachia nyumba, akaondoka na mumewe na watoto.

"Gobnait, umenenepa," Assumpta akaniambia.

"Na wewe umekuwa ufagio."

Nikamkumbatia. Sikumwachia haraka, maana machozi yalikuwa yakinilengalenga na sikutaka ayaone.

Hata keki hatujaikata, akasema anataka mishumaa. Bibi yake alikuwa akiiwasha siku hiyo. Kila mtu na mshumaa wake, yote inawashwa pamoja, na ule unaozimika kwanza, mwenyewe ndiye wa kwanza kuzikwa. Wa mwisho ndiye atakayewazika wengine.

"Acha upuuzi," nikasema. "Kesho unapasuliwa, leo unataka kupiga ramli?"

"Ndiyo maana naitaka leo. Daktari ananiambia asilimia hii, asilimia ile. Asilimia mimi sizielewi, shoga. Mshumaa nauelewa."

"Na wako ukizimika kwanza?"

"Basi hospitali siendi. Narudi na nyinyi na meli ya kesho."

Hakuwa anatania. Assumpta akishasema, amesema. Na binti yake alikuwa ameninong'oneza mlangoni kwamba asipopasuliwa, Pasaka haioni.

Kila mtu akachagua rangi ya kikombe chake, nikajitolea kwenda jikoni kuandaa. Kwenye droo kulikuwa na mishumaa myeupe ya urefu mmoja. Nikachukua vikombe vinne virefu, kila kimoja na rangi yake, nikaisimamisha mishumaa ndani kwa nta ya moto. Wangu, wa kikombe cha buluu, niliukata chini upana wa vidole viwili, kisha nikaupandisha juu ya kipande cha kizibo cha chupa ili ukitazamwa ulingane na mingine. Jambo hili sijamwungamia padri, wala sina mpango huo.

Nilipotoka, Fionnuala akaenda kutafuta sukari, akakaa huko muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Kisha Dympna naye akafuata maji ya kumezea dawa ya tumbo. Sikuwaza lolote. Fionnuala ndiye aliyeileta mishumaa mezani, tukaiwasha, tukakata keki.

Simu yangu ikalia. Ni Donncha, mume wangu.

"Gobnait, viazi vimechemka saa nzima, vimekuwa uji. Ndivyo vinavyokuwa?"

"Ndivyo, mpenzi. Kula kwa kijiko."

Tulicheka, hata Assumpta, lakini macho yake hayakutoka kwenye kikombe chake chekundu. Moto ulishuka taratibu mpaka ukaingia ndani ya vikombe, tukawa tunainama kuchungulia. Nilikuwa naogopa, nasema kweli.

Wa kwanza kuzimika ulikuwa wa Fionnuala. Nikashtuka, maana zamu hiyo ilikuwa yangu. Ukafuata wa Dympna. Wangu ukawa wa tatu, na wa Assumpta ukabaki unawaka vizuri kabisa.

"Haya, umeona mwenyewe," Fionnuala akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda mbio.

Assumpta akatutazama mmoja mmoja. Akachukua kisu cha keki, akachokonoa kikombe cha Fionnuala. Chini ya nta palikuwa na vifuniko vitatu vya chupa vimepangwa. Akachokonoa cha Dympna, akatoa kipande cha kiazi. Miaka yote hiyo jikoni, na hicho ndicho Dympna alichokifikiria. Changu nilikishika kwa mikono miwili, lakini akaninyang'anya, akakiona kizibo.

Akavipanga vyote mezani mbele yetu.

"Kwa hiyo nyote watatu mmekufa," Assumpta akasema. "Mimi nawazika, peke yangu. Halafu Januari sita nikanywe chai na nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimempa maisha marefu yasiyo na mtu ndani yake, nikajiona nimefanya wema.

Assumpta akaingiza vidole viwili kikombeni, akaubana utambi kama tulivyokuwa tukifanya kule kwa watawa. Mshumaa ukazimika.

"Bibi yangu hakuwahi kukaa na wanawake waongo namna hii," akasema.

"Kesho utaingia hospitali?" nikamuuliza.

"Nitaachaje? Nikifa kwa ukaidi wangu, nyinyi mtapigana nani anifuate kwanza." Akaisogeza sahani yake. "Nikatie keki, Gobnait. Kubwa. Usinipunje."

Asubuhi tulimsindikiza mpaka kwenye mlango tusioruhusiwa kuuvuka. Muuguzi alipoanza kukisukuma kitanda, Assumpta akainua mkono, akamsimamisha.

"Mwakani ni Cork," akatuambia. "Na mishumaa nawasha mimi."