Hamsini na Sita kwa Sufuri

Ubao ulionyesha hamsini na sita kwa sufuri, imebaki dakika moja, na kocha Wendell Broussard bado alikuwa anaagiza mpira urushwe.

Huku kwetu Louisiana, kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono, kuna adabu isiyoandikwa popote: ukishamlaza mwenzako, mpe mpira mkimbiaji, saa iende, watu warudi makwao. Jukwaani tuliacha hata kutafuna.

"Huyu anamuua mzee wa watu," alinong'ona Odile, mke wa kinyozi.

"Muache amuue, shoga," nilimjibu. "Kakaa nalo rohoni miaka thelathini na tano."

Mzee mwenyewe, Verlon Stuckey, kocha wa wapinzani, alisimama ng'ambo ya uwanja, kofia imemfunika macho. Enzi zake, alipokuwa kocha wa Wendell shuleni, timu ilikimbia na mpira msimu mzima, vifua kwa vifua, na mrushaji kazi yake kubwa ilikuwa kumkabidhi mwenzake. Hata kazi hiyo alimnyang'anya Wendell mbele ya timu nzima. "Nyinyi weusi mna mbio," alimwambia. "Kusoma walinzi kunataka akili." Akampeleka pembeni, akadake.

Basi Wendell akautumia ujana wake kujenga mchezo ambao wote ni akili. Wadakaji watano wametawanywa. Mrushaji ana sekunde mbili za kuwasoma walinzi kumi na mmoja, kuwahadaa kwa macho na kuuachia mpira kabla hajaangushwa. Mpango ukiwa mbaya, anaubadili palepale, bila kumuuliza mtu.

"Rusha!" aliashiria Wendell.

Mrushaji wake, Tavion Guidry, alisogea mstarini. Akawatazama vijana wa Stuckey: mmoja anachechemea, mwingine analia waziwazi. Akapaza sauti kubadili mpango, akapokea mpira, akapiga goti: mchezo umekufa hapo, hakuna kurusha. Saa ikaendelea kukimbia.

"We Tavion! Nani kakutuma?"

"Si ulisema nikiona hatari nibadilishe, Kocha?"

"Hatari iko wapi hapo?"

Tavion alimtazama yeye, jinsi alivyofundishwa kuwatazama walinzi.

Wendell alikuwa amebakiwa na nafasi moja ya kuisimamisha saa, ili warushe tena. Akainua mikono kumwashiria mwamuzi, kiganja kimoja kimelala juu ya ncha za vidole vya kingine, bado havijagusana. Jukwaa zima tukasimama. Kutoka ng'ambo, Stuckey naye akainua kofia aone vizuri.

Sekunde ishirini. Kumi na tisa. Mikono ile bado iko hewani, haijagusana.